Kibodi Haijaharibika, Imeambiwa Tu



Somo letu la safari hii ni la kompyuta. Tunajua wengine watasema, "Hayo ni ya vijana." Ngojeni kidogo. Kama kikundi chenu kina kompyuta, hata ile ya mkono wa pili inayokaa kwa katibu, basi ndani yake mna kumbukumbu za mikutano, hesabu za akiba na mikopo, katiba, na barua za ofisi ya maendeleo ya jamii. Hiyo ni mali ya kila mwanachama, kijana kwa mzee.

Jambo linalosumbua vikundi ni hili. Jana kompyuta ilikuwa inaandika vizuri. Leo katibu anaketi, anapiga herufi, na hakuna kinachotokea. Au anaandika neno "mikutano" na kwenye skrini anaona 0524tan6. Au mashine inaanza kuongea yenyewe kwa Kiingereza mpaka watoto wanatoka mbio. Basi kikundi kinachanga nauli, mashine inafungwa kwa leso, inapelekwa mjini. Fundi anabonyeza vitufe viwili vitatu, anairudisha, analipwa. Hatuna ugomvi na mafundi, kwa maana ujuzi nao una bei yake. Lakini mara nyingi hakuna kilichovunjika. Kompyuta iliambiwa ifanye jambo fulani, pasipo mtu kukusudia, nayo ikatii. Mkijua iliambiwa nini, mnaweza kuiambia iache.

Tutazungumza juu ya kompyuta zenye Windows 10 na Windows 11. Majina ya vitufe tutayaandika kama yalivyochapwa kwenye kibodi yenyewe, ili msipate taabu ya kuyatafuta. Kile chenye alama ya dirisha tutakiita kitufe cha dirisha.

KWANZA TAFUTENI PANAPOUMA

Daktari mzuri hakupi dawa kabla ya kuuliza panapouma. Hapa pia kuna majaribio matatu, na hayana gharama.

La kwanza, fungueni programu nyingine. Kama shida imetokea katika Word, fungueni Notepad mwandike humo. Notepad ni kama karatasi tupu, haina mambo mengi. Ikiwa huko herufi zinatoka sawasawa, kibodi ni nzima na shida ni ya Word peke yake. Ikiwa hata Notepad inakataa, shida ni ya mashine yote.

La pili, bonyezeni kitufe cha dirisha, Ctrl na O kwa pamoja. Picha ya kibodi itatokea kwenye skrini, nayo inapigwa kwa mausi. Gusa herufi chache. Zikitoka vizuri hapo, huku zile za mkono zinakataa, basi shida iko upande wa kibodi ya mkono. Lakini msiitupe bado! Kuna vitu viwili, Num Lock na Filter Keys, ambavyo vinaleta dalili hiyo hiyo, na tutavifikia sasa hivi.

La tatu, azimeni kibodi ya waya kutoka shule ya jirani au kwa mtu wa saiba, mwichomeke. Ikiandika vizuri, ni kweli yenu ina matatizo: labda vumbi, labda chai ilimwagika, labda yule mdudu mdogo anayependa joto. Lakini kama hata hiyo ya kuazima inakataa vilevile, kibodi yenu haina kosa lolote. Kuna kitu ndani ya Windows kimewashwa.

Ile 0524tan6 sasa. Kwenye kompyuta ndogo za kubeba, hasa za zamani, tazameni herufi u, i, o, j, k, l na m. Mtaona pembeni yake namba ndogo 4, 5, 6, 1, 2, 3 na 0. Num Lock ikiwashwa, herufi hizo zinageuka namba. Bonyezeni Num Lock, na isipokubali bonyezeni Fn pamoja na Num Lock. Imekwisha. Hiyo ndiyo safari nzima ya mjini.

MISAADA INAYOWASHWA BILA KUJUA

Ndani ya Windows mmewekwa misaada kwa ajili ya watu wenye ulemavu. Si mambo ya jana. Mingi yake ilitokana na kazi ya kituo kiitwacho Trace, katika Chuo Kikuu cha Wisconsin huko Marekani, kilichoongozwa na Gregg Vanderheiden, nayo ikaingizwa ndani ya Windows 95. Swali lao lilikuwa rahisi. Mtu mwenye mkono mmoja atabonyezaje Ctrl, Alt na Delete kwa wakati mmoja? Mtu ambaye mikono yake inatetemeka, naye anagusa kila kitufe mara tatu, ataandikaje barua?

Wakafikiri zaidi. Mtu huyo akikuta msaada wake umezimwa, hawezi kupita kwenye milango mingi kwenda kuuwasha, maana milango yenyewe ndiyo inayomshinda. Kwa hiyo kila msaada ukapewa njia ya mkato kwenye kibodi. Na njia hiyo hiyo ndiyo mtoto anayechezea kibodi, au kitabu cha risiti kilichowekwa juu ya kitufe cha Shift, huifuata bila kujua.

Wa kwanza ni Sticky Keys. Huwashwa kwa kubonyeza Shift mara tano mfululizo. Dirisha dogo linatokea na kuuliza kama unautaka, na wengi wetu tukiona dirisha la Kiingereza tunabonyeza Yes ili liondoke. Si ndiyo? Kuanzia hapo, ukibonyeza Shift na kuiachilia, kompyuta inahesabu kama bado umeishika, na herufi inayofuata inakuwa kubwa. Ukigusa Ctrl mara mbili, inabaki imeshikwa kabisa. Ndipo katibu anapiga p na mashine inataka kuchapisha karatasi, anapiga w na barua inafungwa mbele ya macho yake. Watu wanasema ni virusi. Si virusi. Bonyezeni Shift mara tano tena, au bonyezeni Shift na herufi yoyote kwa pamoja, na msaada utazimika.

Wa pili ni Filter Keys, na huu ndio unaopeleka kompyuta nyingi mjini bure. Unawashwa kwa kushikilia Shift ya upande wa kulia kwa sekunde nane. Ukishawaka, kompyuta inaweza kukataa herufi iliyoguswa haraka, mpaka uishikilie kwa kama sekunde moja. Mtu anayeandika kwa kasi ya kawaida anaona skrini tupu na kusema kibodi imekufa. Jaribuni hivi: shikilieni herufi moja, mhesabu moja, mbili. Ikitokea, mmeshika mwizi. Shikilieni tena Shift ya kulia kwa sekunde nane na kila kitu kitarudi.

Mbaya zaidi ni pale inapotokea kabla ya kuingia ndani, penye neno la siri. Hamuwezi kuandika, kwa hiyo hamuwezi kuingia, kwa hiyo hamuwezi kuzima. Hapo tazameni pembe ya chini upande wa kulia wa skrini. Kuna alama kama ya mtu mdogo aliyenyoosha mikono, au ya duara lenye mishale. Ibonyezeni kwa mausi. Mtakuta Filter Keys na mtaizima hapo hapo, au mtafungua ile kibodi ya skrini na kuandikia neno la siri.

Mweka hazina anayetumia namba za upande wa kulia wa kibodi ana shida mbili zinazofanana. Akipiga namba na kile kisanduku cha hesabu kikaruka kutoka safu hadi safu, Num Lock imezimwa, aiwashe. Lakini kama kinachotembea ni kile kishale cha mausi chenyewe, hiyo ni Mouse Keys. Ilianzishwa kwa Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Num Lock, na inazimwa kwa hivyo hivyo. Na kama anabonyeza kile kishale cha kwenda chini na karatasi nzima ya hesabu inasogea huku kisanduku kimebaki pale pale, ni Scroll Lock. Wakati mwingine kitufe hicho hakipo kabisa kwenye kompyuta ndogo, na inabidi kutumia ile kibodi ya skrini.

Skrini ikigeuka nyeusi na maandishi meupe na ya manjano, bonyezeni Alt ya kushoto, Shift ya kushoto na Print Screen. Mashine ikianza kusoma kwa sauti kila unachogusa, hiyo ni Narrator: kitufe cha dirisha, Ctrl na Enter, nayo itanyamaza.

KABLA YA KUIZIMA KABISA

Bonyezeni kitufe cha dirisha pamoja na U. Ukurasa wa misaada yote utafunguka, na kila mmoja una mahali pa kukataza ile njia yake ya mkato. Fundi mwenye haraka hukataza zote mara moja, na vijana wetu wakishajua nao hufanya hivyo. Hapa ndipo tunapowaomba mtulie.

Kuna kikundi ambacho mweka hazina wake ni mama aliyepata kiharusi. Mkono mmoja umelegea na mwingine unatetemeka. Akiwa na Filter Keys aliandika hesabu polepole, lakini aliandika mwenyewe. Siku moja kijana wa kikundi akaja "kuitengeneza" kompyuta, kwa nia nzuri kabisa, akazima kila kitu. Tangu hapo mama akipiga 500 inatoka 55000. Hakulalamika. Alimwachia katibu hesabu, yeye akawa anatia sahihi tu mwisho wa mwezi. Sasa jiulizeni, ndugu zetu. Pesa za wajane na wakulima zinatiwa sahihi na mtu asiyeweza kufungua kitabu chake mwenyewe. Huyo katibu anaweza kuwa mwaminifu kama dhahabu, lakini siku hesabu zikikosekana, nani atajibu?

Dawa yake haikuhitaji mtu yeyote kushindwa. Windows inaruhusu kila mtu kuwa na mlango wake wa kuingilia kwenye mashine ile ile. Nendeni Settings, kisha Accounts, kisha mahali pa watumiaji wengine, mfungue mlango wa mweka hazina na wa katibu. Misaada inayowashwa ndani ya mlango mmoja haimsumbui wa mlango mwingine. Mama anaingia kwake, Filter Keys inamngoja, na muda wa kushikilia herufi umepunguzwa mpaka unaomfaa. Kijana anaingia kwake na kuandika mbio mbio kama apendavyo. Jambo moja tu: mafaili ya hesabu yawekwe mahali ambapo wote wawili wanaweza kuyafikia, la sivyo mtaanza kuwa na vitabu viwili.

Wala si jambo la huruma. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 54, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya kupata vifaa vya kumwezesha kushinda vizuizi vinavyotokana na ulemavu wake. Vifaa hivi tayari mmevilipia mlipoinunua kompyuta. Vimo ndani.

Kwa mwanachama asiyeona kabisa, Narrator inasaidia, lakini kuna programu nyingine inayoitwa NVDA ambayo tunaipendekeza zaidi. Ilianzishwa mwaka 2006 huko Australia na Michael Curran, akajiunga naye James Teh, na wote wawili ni watu wasioona. Inatolewa bure. Jambo zuri kwetu ni kwamba ndani yake kuna sauti za eSpeak NG, na mojawapo ni ya Kiswahili. Msipoichagua, mashine itasoma Kiswahili kwa ulimi wa Kiingereza, na hapo hata Mswahili wa Lamu hataambulia kitu. Bonyezeni Insert, Ctrl na S kuchagua eSpeak NG, kisha Insert, Ctrl na V kuchagua sauti ya Kiswahili. Hatutawadanganya kwamba ni sauti tamu. Ni kama ya roboti. Lakini inasema maneno yetu, na sikio huzoea.

Msiwashe NVDA na Narrator pamoja, maana zitazungumza kwa mkupuo kama mkutano usio na mwenyekiti. Na kumbukeni kwamba Insert sasa ni kitufe cha NVDA. Anayeona akiketi hapo na kushangaa kwa nini Insert haifanyi kazi yake ya kawaida, aondoke kwanza NVDA kwa kubonyeza Insert na Q.

Tena kuna lawama ambayo programu hubebeshwa bure. Mwanachama asiyeona anafungua katiba ya kikundi na NVDA inakaa kimya. Katiba yenyewe ilipigwa picha kwa simu, ikatumwa. Kwa kompyuta, picha hiyo haina neno hata moja. Ni kama picha ya mti. Iandikeni upya kwa kibodi, hata ikichukua siku tatu. Vivyo hivyo, ile desturi ya kupaka rangi nyekundu majina ya wasiolipa: NVDA inaweza kuyapita majina hayo bila kutaja rangi yoyote, na kuna watu wanaoona vizuri lakini hawatofautishi nyekundu na kijani. Andikeni "hajalipa" kwenye safu yake.

KIBODI YA WAINGEREZA, KIBODI YA WAMAREKANI

Kompyuta nyingi za mkono wa pili hutoka ng'ambo. Mwingereza hupata alama ya @ akishika Shift pamoja na kitufe kilicho karibu na Enter, na akishika Shift na 2 anapata alama za kunukuu. Mmarekani ni kinyume chake. Sasa kompyuta ikidhani ina kibodi ya Mwingereza huku vitufe vimechapwa vya Mmarekani, anwani ya barua pepe ya kikundi haiandikiki, na neno la siri lenye @ linakataliwa kila mara. Mnaanza kushukiana kwamba kuna aliyelibadilisha. Kabla ya kushukiana, andikeni herufi zile zile kwenye Notepad, mahali mnapoziona, kisha mzifute. Hapo mtajua.

Zikitoka nyingine, bonyezeni kitufe cha dirisha na nafasi. Mtaona orodha ya kibodi zilizomo, mchague inayolingana na vitufe vyenu. Alt ya kushoto na Shift nazo hubadilisha, na ndiyo sababu mambo hugeuka ghafla katikati ya barua. Mashine ikitoka Ujerumani, y na z zimebadilishana, na mweka hazina anakuwa mweka hayina. Ondoeni kwenye orodha zile kibodi msizozihitaji, na shida hiyo haitarudi.

Mistari myekundu chini ya Kiswahili chenu isiwatishe. Word inadhani mnaandika Kiingereza kibovu. Mwambieni lugha ni Kiswahili.

WANAOANDIKA Ĩ NA Ũ

Vikundi vya Ukambani na vya Mlima Kenya vinavyoandika matangazo kwa lugha ya mama hukosa ĩ na ũ kwenye kibodi. Katika Word andikeni 0129, chagueni tarakimu hizo nne, kisha Alt na X: mtapata ĩ. Kwa ũ ni 0169. Herufi kubwa ni 0128 na 0168. Tunasema mzichague kwanza kwa sababu Word huhesabu a mpaka f kuwa sehemu ya namba, na herufi hizo zikitangulia bila nafasi, itawapa alama ya ajabu.

Wengine huweka kibodi ya Kimarekani ya kimataifa, wakipiga lile wimbi kisha i. Kwa Windows hilo linafaulu kwa a, n na o tu. Kwa i mtapata wimbi na i zikisimama kandokando. Anayeandika lugha hizi kila siku atafute programu ya Keyman, inayotolewa bure na shirika la SIL, nayo ina kibodi za lugha nyingi za Afrika.

KAZI YA MKUTANO UJAO

Leteni kompyuta mkutanoni, stima ikiwepo. Kila mmoja, hata asiyeandika, awashe Sticky Keys na kuizima, kisha Filter Keys na kuizima. Anayeogopa zaidi atangulie. Andikeni njia hizo kwenye karatasi ya herufi kubwa, mbandike ukutani karibu na mashine.

Kisha jadilini:

Nani katika kikundi chetu hajagusa kompyuta tangu tuinunue, na je, tumewahi kumwuliza ni kwa nini?

Mweka hazina wetu anaweza kufungua hesabu mwenyewe, bila kushikwa mkono na mtu?

Neno la siri la kompyuta linajulikana na nani, na likikataliwa kesho asubuhi tutajaribu nini kwanza?